Waya Chini ya Mizani

Jumanne asubuhi, mama akiwa bado anatafuta kiatu chake cha pili aende kazini, Spoki alikuwa ameshapanda kwenye mizani. Alipanda kwa vidole kwanza, visigino vikafuata, akatoa pumzi yote kifuani na kuukodolea macho mshale. Mshale ulikwenda, ukarudi, ukatikisika, ukatulia. Hamsini na mbili na gramu mia nne. Alishuka, akapanda tena, ukasema vilevile.

"Bado mia nne tu, baba. Na kupima ni Ijumaa."

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi akichuna nyaya za umeme ili atoe shaba iliyo ndani. Alisema ni vizuri, kisha akaendelea kuchuna kipande ambacho alikuwa ameshakichuna.

Kazi ya nyumba nzima ilikuwa pale uani. Baba alinunua vyuma chakavu: mabati, masufuria yaliyotoboka, injini zilizokufa, makopo. Waliomletea walikuwa watu wa kuokota, wanaozunguka na magunia tangu alfajiri, na kila baada ya wiki mbili lori la kiwandani lilikuja kuzoa. Mizani ilikaa katikati ya ua, pana, imepakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi maandishi ya kiwanda yamezibwa. Chini ya bamba lake, mahali ambapo mtu hafiki mpaka alale chali, palikuwa na waya mwembamba aliofunga baba miaka sita iliyopita. Waya ule uliuzuia mkono wa ndani usishuke hadi mwisho. Katika kila kilo mia, nne zilipotea njiani. Hakuna aliyejua ila yeye, na miaka sita ni mingi. Kuna siku hata yeye alisahau.

Kwa wiki sita zilizopita hakuwa amesahau hata siku moja. Mwanzoni mwa wiki hizo kocha wa Spoki, ambaye riziki yake ilikuwa kuchomelea mageti, alifika nyumbani akiwa amevaa shati safi, akasalimia wazazi kwa adabu na kueleza kwamba binti amepata pambano lake la kwanza la kulipwa. Kabla ya hapo alikuwa amepigana bure mara tatu, ameshinda mawili na kupoteza moja. Sasa ni mchezo kamili, ngumi, mateke na mieleka ndani ya kizimba, na uzito ni kilo hamsini na mbili, gramu moja ikizidi ni kosa. Mizani ya pale mazoezini ilivunjika siku kijana mmoja wa kilo mia alipoirukia kwa furaha. Je, wazazi wangeweza kumnunulia binti mizani ndogo ya nyumbani?

Getini walikuwa wamesimama majirani wawili, masikio wazi. Baba alicheka, akapiga bamba la mizani yake kwa kiganja, akauliza kama kuna mtu mwenye kisima anayenunua maji. Kocha naye akacheka. Akamwambia Spoki palepale kwamba basi, mizani ni hii moja tangu leo hadi siku ya mwisho, asijipime kwenye duka la dawa wala kwa rafiki, maana mpiganaji mwenye mizani mbili hulala na wasiwasi na kuamka na wazimu.

Baba alijiambia atairekebisha kesho. Kesho yake watu wa magunia walijaa uani tangu asubuhi. Keshokutwa Spoki alikuwa ameshajipima mara mbili, na ungemwelezaje kwamba ameongezeka kilo mbili usingizini? Siku zikaenda. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo baba hakulipenda hata yeye mwenyewe alipolikuta kichwani mwake: binti akikataliwa kwenye kupima, atarudi nyumbani na pua yake nzima. Alipopoteza lile pambano moja alirudi jicho limeziba, na mteja mmoja akamvuta baba pembeni, akamuuliza kwa upole kama ni yeye aliyempiga.

Jumanne ile Spoki alichemsha yai, akaketi juu ya injini kando ya baba yake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mrefu, mwembamba, mgumu, na jina lile alilipata utotoni kwa sababu hiyo, spoki ya baiskeli. Wiki sita za mboga zisizo na mafuta zilikuwa zimeyachimba mashavu yake. Alilikata yai katikati, akampa baba nusu.

"Kula na mimi. Nimemwambia kocha wewe ndiye umenifikisha. Promota amesema anayezidi uzito pambano la kwanza, haitwi tena." Akatafuna polepole, yai lisiishe. "Wenzangu hawana mizani nyumbani. Mimi ninayo."

Baba aliimeza nusu yake bila kuitafuna.

*

Jumatano, kabla hakujapambazuka vizuri, alilala chali chini ya mizani akiwa na koleo na kuukata waya.

Spoki alipopanda, mshale ulikwenda moja kwa moja hadi hamsini na nne na mia sita. Alishuka, akaukung'uta ule mkono wa mizani, akavua fulana, akabaki na nguo za mazoezi, akapanda tena. Akaweka jiwe, akalitoa, akapanda. Baba alikuwa amegeukia ukuta akipanga makopo ambayo hayakuhitaji kupangwa. Alimsikia akianza kuhesabu kwa sauti alichokula jana: nusu yai, mboga, kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari. Nusu yai, mboga, kikombe kimoja. Alirudia kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule.

"Mwili wangu una nini, baba?"

Hapo ndipo baba alipopaswa kusema ukweli. Alisema labda ni maji. Wanawake hukaa na maji, alisikia hivyo mahali. Spoki alivaa nguo tatu, akajizungushia mifuko ya plastiki kifuani chini ya shati, akatoka getini mbio.

Hakuwa amefika mbali, Mama Mabati akaingia. Mama huyu mtu mzima aliokota upande wa gereji, na kwa miaka mingi alileta gunia moja lilelile, analijaza hadi mstari uleule mwekundu, makopo na vipande vya bati, asubuhi tatu kwa wiki. Alilitua kwenye mizani. Baba alisoma thelathini na tisa na nusu na akataka kulishusha haraka. Mama Mabati akamshika mkono.

Kwanza alifurahi. Kisha furaha ikamtoka usoni polepole, na alipozungumza alizungumza kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Gunia hili ni thelathini na nane, mzee. Miaka yote. Hata kwenye ndoto ni thelathini na nane."

Baba alisema labda leo amejaza zaidi.

"Shingo yangu ndiyo inayobeba. Shingo inasema ni lilelile. Kilichobadilika hapa si gunia."

Alizunguka mizani, akainama kwa shida, akachungulia chini ya bamba. Waya uliokatwa ulikuwa bado umelala kwenye vumbi, na vumbi lilikuwa na umbo la mgongo wa mtu. Aliuokota. Aliuangalia, akauviringisha kidoleni kama pete. Baba alianza kusema kitu kuhusu springi na kutu, akaishia njiani. Mama yake Spoki, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Mimi sitapiga kelele," Mama Mabati akasema. "Nimeshazeeka kwa kelele. Nitawaambia wenzangu tu."

Alipokea malipo yake yote ya kilo thelathini na tisa na nusu, akayafunga kwenye kanga, akatoka na gunia tupu na ule waya.

Mama aliitua ndoo. Hakuuliza habari ya waya, alikuwa ameelewa. Aliitazama mizani, akatazama njia ya getini aliyokimbilia binti yake, na baba akaona wazo linamfikia.

"Na mtoto?" akauliza. "Mtoto amejipima humu wiki sita."

*

Mama alimtuma baba aende mazoezini kumwambia yeye mwenyewe. Baba alijaribu kusema jioni itafaa zaidi, binti atakapokuwa ametulia. Mama alimletea viatu vyake, akaviweka mbele ya miguu yake.

Mazoezi yalifanyika kwenye ghala la zamani nyuma ya karakana ya kocha. Chini walikuwa wametandika magodoro yaliyofunikwa kwa turubai, na turubai limeshonwa viraka kwa uzi wa viatu. Vijana wanane walikuwa wawili wawili, wanakabana na kuachiana, na kocha alipita katikati yao akirudia maneno aliyokuwa akiyarudia kila siku: pumzi kwanza, nguvu baadaye, ukikabwa sawasawa gonga haraka uachiwe, shingo nyingine haioti. Spoki alikuwa kwenye kona, anaruka kamba ndani ya mifuko yake ya plastiki. Midomo ilikuwa imepauka. Dakika chache kabla alikuwa amemwomba mmoja wa vijana vidonge vya kukojoa, na kijana alikuwa amempa viwili vilivyofungwa kwenye karatasi. Vilikuwa kwenye soksi yake. Kocha alikataza vidonge vile. Aliwahi kumbeba mtu mikononi hadi hospitali, mapigo ya moyo yanakatika.

Baba alimwomba watoke nje waongee. Spoki alisema hana muda wa kutoka, na hakuacha kuruka. Kwa hiyo ilibidi aseme palepale, kamba ikipiga chini, vijana wanane wakijifanya hawasikii.

"Mizani ilikuwa inapunguza," alisema. "Nilifunga waya. Kwa ajili ya magunia, si kwa ajili yako. Leo asubuhi nimeukata."

Kamba ilisimama.

"Inapunguza ngapi?"

"Kwa uzito wako, kilo mbili na kidogo."

Spoki alikaa chini. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa nafuu, na baadaye nafuu hiyo ilimkasirisha kuliko kitu kingine chochote. Aliushika mguu wake, paja, tumbo, kama anausalimia mwili uliorudi kutoka kusingiziwa. Kisha akainua macho.

"Uliniona nakula nusu yai," alisema. Alivua soksi, akampa kocha karatasi yenye vidonge.

Kocha alimwambia baba akae kwenye tairi, asiende popote, kama mwanafunzi aliyechelewa. Halafu akamweleza Spoki njia alizonazo. Kujitoa leo, kwa heshima. Kumpigia promota simu, kukiri, kuomba wapigane kwa kilo hamsini na nne. Au kukausha maji siku mbili, kwa jasho tu, na kuingia kizimbani akiwa mtu nusu. Alimwambia pia ukweli ambao makocha wengi huuficha: kwamba njia ya tatu inaweza kumpa uzito na kumnyang'anya pambano. Spoki alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakausha. Kocha alimuuliza mara mbili. Mara ya pili alijibu kwa kuinuka na kuokota kamba.

Njiani kurudi Spoki alitangulia. Baba alifuata hatua kumi nyuma, na akipunguza mwendo, yeye hakugeuka kuangalia.

*

Mama alifua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini. Chumba cha pasi kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, na mashine ya mvuke iliwaka tangu asubuhi. Alhamisi alimpitisha Spoki mlango wa nyuma, akamkalisha kati ya marundo ya mashuka, akamfunika mablanketi matatu yaliyokuwa yanasubiri kufuliwa. Kila dakika ishirini alimfunua, akamkwangua jasho mgongoni kwa kadi ya plastiki, kama kocha alivyoelekeza, akamfunika tena. Alipiga pasi mashuka mengi kuliko siku zote ili asiulizwe chochote.

Siku hiyo hakuna gunia lililoingia uani kwao. Mama aliona asubuhi kabla ya kutoka: baba amekaa kwenye kiti chake, geti wazi, na watu wa kuokota wanapita barabarani na magunia yao kwenda kwa mnunuzi mwingine wa mtaa wa pili, hawasalimii. Mmoja alisalimia, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

"Sitaki kulala nyumba ile," Spoki alisema chini ya blanketi.

Mama alikuwa anakunja foronya. Aliikunja vizuri, ncha kwa ncha.

"Ile sare yako ya kidato cha nne. Viatu vya mazoezi. Lile jino langu lililozibwa. Ulidhani vilitoka kwenye pasi?" Akaiweka foronya juu ya nyingine. "Sikujua kuna waya. Lakini niliona wanunuzi wenzake wanafunga biashara na yeye hafungi, na sikuuliza. Kwa hiyo ukiniambia habari ya baba yako, ujue na mimi nilikula."

Kichwa kilikuwa kinamzunguka Spoki, na ulimi ulikuwa umekauka kama kitambaa. Alianza kuhesabu marundo ya mashuka, akafika sita, akaanza upya.

Msimamizi aliingia bila kubisha, akitafuta mataulo. Aliuona mguu unatoka kwenye mablanketi ya wageni. Mama alianza kueleza, uzito, pambano, Ijumaa, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuonekana ya ajabu hata kwake. Msimamizi alikuwa mdogo kwa mama miaka kumi na mitano. Alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akamuuliza kama anajua wageni hujifunika mablanketi yale usoni. Mama aliomba radhi. Msimamizi akamtaka aombe tena, mbele ya wapishi, ili liwe fundisho. Mama aliomba tena, mbele ya wapishi. Alisimamishwa kazi hadi Jumatatu, na walipotoka mlango wa nyuma alikuwa anamshika binti yake kiunoni asianguke, huku akinong'ona kwamba walau Ijumaa sasa yuko huru kumsindikiza.

*

Upimaji ulifanyika kwenye ukumbi ambao ungetumika kwa mapambano kesho yake. Kizimba kilikuwa kimeshasimamishwa. Kocha ndiye aliyekichomelea, na alikuwa anakizunguka akigonga viungo vyake kwa kidole. Promota, mwenye duka la rangi za nyumba, alikaa nyuma ya meza na simu mbili. Mizani ya upimaji ilikuwa ndogo, nyeupe, ya namba za umeme, na haikuwa na mshale wa kubembelezwa.

Wanawake wawili walishika taulo, Spoki akavua nguo nyuma yake, akapanda. Hamsini na mbili na mia tano.

Alipewa saa moja. Aliruka kamba hadi vigimbi vikakaza, akatema mate kwenye chupa hadi mate yakaisha. Mia tatu na hamsini. Mama alimwangalia kichwani. Nywele zilikuwa zimesukwa, nene, zimefika mabegani, na alizisuka mwenyewe Jumapili mbili zilizopita. Aliazima mkasi wa bendeji kutoka kwa mtu wa huduma ya kwanza. Spoki alifumba macho. Mkasi ulikuwa butu na mama alikuwa na haraka, kwa hiyo nywele zilitoka kwa mafungu, hapa ngozi inaonekana, pale kimebaki kichaka. Akapanda tena. Hamsini na mbili na mia mbili. Zilikuwa zimebaki dakika tano.

Ndipo baba alipoinuka. Hakuna aliyemwita aje. Alikuja kwa miguu, akasimama ukutani muda wote. Alikwenda hadi kwenye meza na kusema, kwa sauti ambayo watu wote wa ukumbini waliisikia, kwamba kosa si la binti. Alisema yeye ni mnunuzi wa chakavu, mizani yake ilikuwa ya wizi, na binti alijipima kwenye wizi huo wiki sita bila kujua. Kama kuna adhabu, ni yake.

Promota alimaliza kuandika ujumbe kwenye simu.

"Mzee, kila pambano naletewa hadithi. Mwaka jana mmoja aliniambia amelogwa na shemeji yake. Yako ni nzuri zaidi, nakubali." Watu wakacheka. "Lakini mia mbili ni mia mbili."

Baba alibaki amesimama pale, mikono haijui pa kwenda. Alikuwa ameyabeba maneno yale miaka sita, na yalipotoka hayakununua hata gramu moja.

Spoki alimwangalia. Kisha akajifunga taulo vizuri, akavuka ukumbi akichechemea, akaenda kwa mpinzani wake. Huyu alikuwa msusi wa nywele mwenye mabega mapana, ameshapima, ameshapita, amekaa kwenye benchi anakula biskuti. Spoki alijaribu kutoiangalia biskuti.

"Nimezidi mia mbili. Sina tena cha kutoa. Utapigana na mimi, au huna haja?"

Msusi alitafuna, akamkagua kuanzia chini, akaishia kichwani.

"Nani kakunyoa? Ametumia panga?"

"Mama yangu."

"Mwambie aendelee na kazi yake." Akakung'uta makombo mapajani. "Kanuni inasema nikikubali, moja ya tano ya pesa yako inakuja kwangu. Mimi nina kodi ya saluni. Sikuonei huruma, umenielewa? Na kesho sitakuonea."

Spoki alisema ameelewa. Walipeana mikono, na mkono wa msusi ulikuwa na maji ndani yake, laini, wa mtu aliyekunywa asubuhi.

*

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Spoki alikuwa amekunywa maji usiku kucha na kula alichoweza, lakini mwili uliokaushwa haurudi kwa siku moja, na kocha alilijua hilo alipokuwa anamfunga bendeji mikononi. Alimwambia amalize mapema au atulie, katikati hapana.

Raundi ya kwanza ilikuwa yake. Alimpiga msusi teke la paja mara tatu, mahali palepale, na aliposogelewa alizama chini, akaikumbatia miguu, akamwangusha. Watu wakaanza kuliita jina lake. Mama, aliyekuwa ameficha macho nyuma ya mkoba, alichungulia. Baba alikuwa safu moja nyuma yake, ameshika begi la binti kifuani kwa mikono miwili.

Raundi ya pili ilipofika nusu, mikono ilianza kushuka. Aliona ngumi inakuja, akaamuru kichwa kiondoke, kichwa kikachelewa. Alijaribu kuzama tena chini na miguu ikakataa katikati, kama gari lililoishiwa mafuta mlimani. Msusi alimkalia mgongoni. Mkono ukapita chini ya kidevu, ukajifunga. Ilikuwa kabali safi. Kelele za ukumbi zilianza kwenda mbali. Spoki alijua ana sekunde mbili au tatu, na katika sekunde hizo alimchukia baba yake, akajichukia kwa kuchagua njia ya tatu, akakumbuka hana shingo nyingine, akagonga.

Mwamuzi aliwaachanisha. Msusi alimsaidia kuinuka, akamwambia sikioni kwamba yale mateke ya paja yatamfanya asimame vibaya saluni wiki nzima, na nywele zikiota aje asukwe, bei ya kawaida.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti. Spoki alikaa juu ya kiti kimoja na mguu juu ya kingine, barafu shingoni, na watatu wake wamesimama: kocha, mama, na baba karibu na mlango, bado na lile begi. Hakuna aliyekuwa amemwambia aingie wala atoke. Promota aliingia na bahasha, akiwa na furaha ya mtu aliyejaza ukumbi. Alisema watu wamempenda. Amepoteza, sawa, lakini amepoteza vizuri. Miezi mitatu ijayo kuna jingine, atamwita, ile habari ya uzito ameisamehe. Ila safari hii hamsini na mbili iwe hamsini na mbili kweli.

"Mimi ni wa hamsini na saba," Spoki alisema.

Promota alidhani kelele za nje zimemfanya asisikie vizuri. Spoki alirudia. Alisema hapo ndipo mwili wake unapokaa akila kama watu, na ndipo atakapopigana.

"Huko kuna wanawake watakuvunja. Na huko sina mabango, sina majina. Pesa ipo hamsini na mbili."

"Nitakaa mwaka nifanye mazoezi. Nikipigwa, nipigwe nimeshiba."

Kocha alikuwa anatazama dari, anazuia tabasamu. Promota aliona hatasaidiwa upande huo. Alimtazama mama, mama akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Akageukia mlangoni.

"Mzee, ongea na binti yako. Wewe ni mtu wa biashara, unaelewa. Mwambie kilo tano ni kitu gani."

Baba alilihamisha begi kutoka bega moja kwenda jingine. Tangu Jumatano hakuna gunia lililoingia kwake, na hakujua kama Jumatatu lingeingia.

"Mambo ya kilo, bwana," alisema, "usiniulize mimi."

Kocha ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, mkono mdomoni. Spoki alijizuia, mbavu zikamsaliti, akacheka huku anaumia na kushika shingo. Kicheko kilipoisha hakumtazama baba yake. Aliinua mguu, akausogeza upande wa baba, akamwambia amfungie kiatu, na asikaze sana.